Mita Ishirini na Tatu Bila Fundo

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimeiweka mstari wa kwanza kabisa usije ukasema sikukuamkia. Huku hatujambo. Goti la kushoto la Mama limepona, sasa analalamikia la kulia, kwa hiyo ujue yuko mzima. Paa la chumba cha nyuma linavuja palepale ulipopaacha. Mimi bado niko klabu ya boti, asubuhi fundi wa injini, jioni dereva.

Nakuandikia barua kwa sababu simu zangu hupokei. Mama anasema ulimwambia kwamba kwenye simu mimi hucheka kila neno linapokuwa gumu. Haya, karatasi haicheki. Tuone sasa utasingizia nini.

Neno lenyewe ni hili. Binti yangu Chiriku, anayekujua kwa picha ile moja uliyofunga mdomo, ametimiza miaka kumi na saba na anataka kuteleza slalomu. Si ubao kila mguu, hapana. Anataka ubao mmoja miguu yote miwili, huku anakata kona kushoto na kulia nyuma ya boti, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Kosa ni langu, nilimsimulia ile hadithi ya Bata. Naisimulia kila mwaka hapa klabu na watu bado wanashika mbavu: jinsi ulivyokata kona siku ya mchujo wa timu, ukawapungia watu wa gatini, ukaachia mpini wa kamba, ukaingia majini miguu juu kama bata anayetafuta chakula. Badala ya kuogopa, mtoto akasema, "Mimi sitaachia."

Tarehe 16 Agosti tunafungua msimu, naye atateleza mbele ya watu wote. Nahitaji kamba mpya ya kuvutia. Wewe ndiye mwenye duka la kamba, kwa hiyo usinitafutie visingizio. Nataka ya nailoni, nene kama kidole gumba changu, inayovutika vizuri, na iwe na zile rangi nane. Kamba nene ndiyo kamba. Itume na basi.

Na uje. Mama anauliza kila wiki. Hujakanyaga hapa tangu tumzike Baba.

Mdogo wako,
Nahodha


21 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika na grisi pembeni, ndipo nikajua ni yako hata kabla sijaifungua. Sisi wazima. Shemeji yako amestaafu kufundisha hesabu, na kwa kuwa hana tena wanafunzi, ananifundisha mimi kukata vitunguu. Dukani tumepokea maturubai mapya, nyumba nzima inanuka turubai. Mpe Mama salamu zangu, mwambie goti la kulia alipake ile dawa ya goti la kushoto.

Sasa tuje kwenye kamba yako. Nimeisoma hiyo oda mara mbili, mara ya pili nikamsomea shemeji yako, naye akaomba kukaa chini. Umeniagiza kamba ya kufungia fahali. Nailoni nene inayovutika! Miaka ishirini uko kwenye boti, na bado unachagua kamba kwa kuilinganisha na vidole vyako.

Sikiliza, na umwite mwanangu Chiriku naye asikilize, maana kichwa chake huenda bado kina nafasi. Kamba nene ni ya kuvutia lile pira la kukalia watoto. Ukimpa mtu wa slalomu, itaburura maji njia nzima na kumrushia usoni. Nailoni huzama, halafu dereva hodari kama wewe anaizungushia kwenye panga la injini. Kisha inavutika mno. Mtoto akikata kona, kamba inarefuka kwanza, ndipo inamvuta kwa ghafla wakati hana habari. Na akiachia, mpini unarudi botini kwa kasi, na kichwa cha kwanza utakachokutana nacho ni cha dereva. Ningependa kuona, lakini Mama bado anakutegemea kwenye lile paa.

Anayeteleza kwa kujifurahisha anataka kamba nyembamba kuliko kidole kidogo, ya plastiki nyepesi inayoelea, inayovutika kidogo tu ili mabega yasiumie. Mita ishirini na tatu kamili. Zile rangi nane ni vipande ambavyo mabingwa huvitoa kimoja kimoja ili kamba iwe fupi na kazi iwe ngumu. Chiriku hana haja ya kazi ngumu, amezaliwa na wewe. Mpini uwe wa shibiri moja na nusu, wenye raba isiyoteleza.

Hayo ndiyo ya kamba mpya. Nina swali moja la kamba ya zamani, ile aliyoisuka Baba. Siku ile ya Bata, ilikatikia wapi?

Dada yako


4 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ile ya Machi hukuitikia. Nimeisoma barua yako nyuma na mbele, marahaba haimo. Nikamuuliza Mama, akasema hata kwenye kadi za sikukuu huwa huniitikii. Nikahesabu: ni miaka kumi na tisa sijasikia marahaba yako! Mtu akiamkiwa huitikia, hata akiwa amekasirika, hata akiwa anaumwa jino. Au duka kubwa limekupa shingo ngumu?

Hapa wazima. Chiriku ameng'ang'ania barua yako na kuibandika juu ya kitanda chake, hasa pale uliponiita dereva hodari. Anasema shangazi ana mdomo mtamu. Nimemwambia asubiri aonje.

Nimekubali. Iwe nyembamba, iwe ya kuelea, iwe na rangi moja kama sare ya shule. Tuma tu.

Kuhusu ile ya zamani, kamba huisha, Dada. Jua, maji, miaka. Na kila mtu anajua kwamba uliachia. Baba mwenyewe alisema, mbele ya klabu nzima, kwamba kamba yake haikatiki. Sasa unanitaka mimi nibishane na marehemu?

Boti imepata kiti kipya cha mwangalizi, kile kinachotazama nyuma. Kizuri sana, kina mto.

Nahodha


23 Aprili

Mdogo wangu,

Tu wazima. Shemeji yako amehitimu vitunguu, ameingia karoti.

Umepiga chenga nzuri. Umeanza na marahaba, ukapitia kitandani kwa Chiriku, ukaenda kujificha kaburini nyuma ya Baba, halafu ukatokea upande wa pili umekalia mto. Ungekuwa na mbio hizo utotoni usingekuwa unachapwa kila siku.

Unakumbuka Baba alitufundisha nini? Alikuwa anatukalisha barazani, kila mmoja na kipande chake cha kamba. Kamba ya kuvutia mtu haifungwi fundo. Ikikatika, nyuzi za upande huu zinasukwa ndani ya nyuzi za upande ule, taratibu, mpaka vidole visijue paliungwa wapi. Fundo linaila kamba, alisema, na itakatika hapohapo siku utakayoihitaji. Mimi nilijua kusuka nikiwa na miaka tisa. Wewe ulikuwa unatoa kitu kinachofanana na kiota, ukisema ni mtindo mpya.

Kamba ya Chiriku nimeshaichagua. Iko hapa juu ya meza ya kukatia. Ni ya manjano, ili uione majini hata wewe. Nimeipima mwenyewe, nimeivuta na mzani mpaka muuzaji mwenzangu akaniuliza nina ugomvi na nani. Kitanzi cha upande wa boti nimekisuka kwa mikono yangu.

Siitumi. Itakaa hapa mpaka uniandikie ile ya Baba ilikatikia wapi, na kwa nini. Baba alikufa miezi minne baada ya siku ile akiamini kwamba binti yake alijitia maringo mbele ya watu akaachia kamba nzuri. Hilo ndilo linaloniuma. Meno mawili yaliyovunjika siku ile nimeweka ya bandia na yanatafuna vizuri kuliko yako. Mchujo ulinipita, basi, nao umepita. Lakini lile la Baba halina bandia.

Nakusubiri. Agosti bado mbali, na mimi nimeshazoea kusubiri.

Dada yako


28 Juni

Dada,

Shikamoo.

Najua nimechelewa miezi miwili. Nilikuwa na injini mbili zilizokufa, mvua imeingia chumba cha nyuma, Mama alipata mafua. Hayo yote ni kweli, na hakuna hata moja lililonizuia kuandika. Barua hii nimeianza mara sita. Ya kwanza ilikuwa na utani mwingi. Ya pili ilikuwa na utani mdogo. Ya tano Chiriku aliitumia kufungia chapati.

Nikuambie kilichotokea jana. Chiriku alichoka kusubiri. Akaingia stoo ya boti, akachimbua kamba mbili kuukuu zilizokatika, akaja gatini na kamba moja inayong'aa. Nikauliza umeipata wapi. Akasema, "Nimeunganisha, Baba. Nilifunga fundo, halafu nikazungushia utepe mweusi na kupaka rangi juu. Angalia, halionekani!"

Hajafundishwa na mtu, Dada. Naapa sijawahi kumwambia. Utepe uleule mweusi, na rangi juu yake. Na ule uso wa kufurahia ujanja wake, niliuona nikajua ni wangu.

Nilichukua kisu botini nikaikata vipande vinne mbele yake. Alidhani nimepata kichaa. Akaniuliza kwa nini, nikafungua mdomo nicheke, kicheko hakikutoka.

Kwa hiyo haya. Asubuhi ya mchujo nilileta boti gatini kwa mbwembwe, nikaipitisha kamba ya Baba kwenye panga la injini. Ikakatika, mita sita hivi kutoka kwenye mpini. Wewe ulikuwa unabadilisha nguo. Baba alikuwa kazini, anakuja saa nne. Kuisuka upya ni kazi ya saa nzima, na mimi sikujua kusuka. Ningekuja kukuita, ungeisuka, ungenicheka, na watu wote wangejua kwamba mtoto wa kiume wa msuka kamba amekata kamba na hawezi kuiunga. Nikafunga fundo, nikazungushia utepe, nikapaka rangi. Nikajisemea litashika kwa leo tu.

Lilishika kona tatu. Ya nne nilisikia mlio nyuma, nikageuka, nikakuona hewani na mpini ukiwa mkononi. Hukuachia. Mpini ulikuwa mkononi mwako, Dada. Nimekuwa nikiliona hilo kila ninapoanza kuwasimulia watu ile ya Bata, ndiyo maana naisimulia haraka. Baba aliponiuliza nini kimetokea nikasema, "Amewapungia watu akaachia," kabla sijafikiri. Watu wakacheka. Nikaona inaenda vizuri, na kipande kilichobaki botini nikakificha chini ya kiti.

Kisha Baba akaanza kuumwa, nikataka kumwambia atakapopata nafuu. Hakupata. Baada ya hapo nikajiambia limeshapita, na wewe umeshahama, na hata hivyo hujui.

Kamba usitume kama hutaki. Chiriku nimemwambia hatateleza mwaka huu. Ameninunia, naona ni haki yake.

Mdogo wako


11 Julai

Mdogo wangu,

Unasema sijui.

Kwenye droo ya tatu ya meza ya kukatia, chini ya vifungo, nina mita sita za kamba ya Baba. Niliogelea nazo mpaka ufukweni siku ile, mbali na gati, mdomo umejaa damu, kwa sababu hata katika hali ile nilikumbuka kwamba kamba ya Baba haitupwi. Mwishoni pana fundo lako, na utepe, na rangi. Umepaka rangi vibaya, imevuka utepe pande zote mbili kama mtoto anayejipaka poda. Nililiona kabla hata sijahesabu meno.

Kwa nini sikusema? Baba alikuwa amelala kitandani anaumwa, na kitu kimoja tu kilichokuwa kinampa raha ni kusema kwamba kamba zake hazikatiki na mwanawe ataendeleza kazi. Nikaona niache umwambie mwenyewe. Nilikupa wiki. Halafu nikakupa mpaka mwisho wa mwezi. Halafu tukamzika, na jioni hiyohiyo nikakusikia uani unawasimulia waombolezaji ile ya Bata ili wachangamke. Nikafungasha.

Nimekasirika miaka kumi na tisa, na bado nimekasirika ninapoandika. Usidhani ukurasa mmoja wenye machozi umefuta. Tena huo ukurasa una habari za chapati. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu sisi, asiyesikia la mkuu humvunja mkuu meno.

Lakini umeandika. Ukaandika mpini ulikuwa mkononi mwangu. Huo mstari nimeusoma nimesimama, nikausoma tena nimekaa, shemeji yako akazima jiko bila kuambiwa.

Sikiliza masharti yangu. Mwambie Mama. Halafu hadithi ya Bata uisimulie tena hapo klabu, kwenye benchi lilelile, kwa sauti ileile, na watu walewale, lakini safari hii bata awe yule aliyehusika. Na Chiriku asinyimwe maji kwa kosa la babake. Mtoto aliyetengeneza fundo lisiloonekana ana mikono, amekosa mwalimu tu.

Dada yako


3 Agosti

Dada,

Shikamoo.

Nilimwambia Mama wakati wa chakula. Alisimamisha kijiko, akaniuliza kama mchuzi umekolea chumvi, nikasema ndiyo, akaendelea kula. Siku ya tatu akaniamuru niende nikamwambie Baba mwenyewe. Nikasema, Mama, Baba si yuko kaburini? Akasema, "Kwani njia huijui?" Nimeenda. Nimesema yote kwa sauti. Mlinzi wa makaburi alikuwa anafagia karibu, akaacha kufagia, nilipomaliza akanipa pole na kuniuliza kama ulipona meno.

Klabu nilisimulia Jumamosi. Wakasogeza viti, wakaanza kucheka kabla sijafika mahali pa kuchekesha, kwa mazoea. Nilipofika kwenye utepe mweusi walikuwa bado wanacheka wawili. Nilipofika kwenye mpini hakucheka mtu. Katibu wa klabu, yule aliyekukata jina kwenye mchujo, alivua kofia akaitazama kwa ndani muda mrefu kama vile imeandikwa kitu. Kisha mzee mmoja nyuma akauliza, "Kwa hiyo bata ni wewe?" Nikasema ndiyo, mimi. Sasa ndiyo wananiita hivyo, hata watoto wa kuosha boti. Jana katibu kaandika kwenye ratiba ya madereva: Bata, zamu ya jioni.

Chiriku alikuwepo, akasikia yote. Alipofika nyumbani akaniuliza, "Shangazi atanifundisha kusuka?" Nikamwambia sina mdomo wa kukuomba hilo.

Tarehe 16 ni wiki mbili kasoro. Sikuulizi kitu.

Mdogo wako,
Bata


9 Agosti

Mdogo wangu,

Hapa wazima. Shemeji yako atabaki na duka. Mungu awasaidie wateja, maana kila anayetaka kamba anaulizwa kwanza ni ya hesabu gani.

Kamba siitumi na basi. Inakuja nami kwenye mkoba, tarehe 14, pamoja na mita sita za zamani. Zile za zamani ni za kumfundishia Chiriku. Fundo lako ataanza kulifungua yeye, kwa kucha zake, halafu ataisuka kamba ya babu yake mpaka vidole visijue paliungwa wapi. Na wewe utakaa pembeni na kipande chako, ufundishwe na mwanao. Viota sivitaki.

Kamba ya manjano usiiache juani, na ikianza kuchanika nyuzi usiipe jina lingine, itupe. Ukimaliza kuitumia ikunje, usiiburure gatini. Mtoto avae jaketi hata akisema linamharibia umbo. Uende mwendo nitakaokuambia mimi, kwa maana mwangalizi nitakuwa mimi. Nitakikalia kile kiti chenye mto kinachotazama nyuma, nikiangalia kamba yote mita ishirini na tatu, na mtoto mwishoni mwake. Usidhani ni kwa sababu sikuamini. Ni kwa sababu sikuamini kabisa.

Mwambie Mama anitandikie chumba cha nyuma, lakini mbali na hapo panapovuja. Na picha ile ukutani aishushe. Tutapiga nyingine, nikicheka kwa meno yote, ya kuzaliwa na ya kununua.

Nimetoa barua zako zote nikazipanga mezani, ya Machi, ya Aprili, ya Juni, ya Agosti, na kadi zote za sikukuu. Kila moja ina shikamoo juu. Nimezihesabu zote, na jibu lake ni moja kwa zote.

Marahaba.

Dada yako